Nyumba ya Dende: Namna ya Kuijenga Nje na Kuitunza Safi



Katika kurasa za mbele tulisema habari za choo na habari za kisima. Sasa tunataka kusema habari za mnyama mdogo ambaye wengi wenu mnalala naye chumba kimoja. Sisi tunamwita dende. Wengine wanamwita simbilisi, na waliosoma Kifaransa wanamwita kobayi. Ni jamaa ya panya, lakini si panya: hana mkia, hatobi ukuta, hapandi juu ya chungu. Ukimlisha majani atakaa nawe kwa amani.

Dende ni mnyama mzuri. Sikuja kuwaambia mmtupe. Anakula majani ambayo hakuna mtu anayeyauza. Mbuzi hula shamba la jirani na kuleta kesi kwa chifu, lakini dende haleti kesi. Katika miaka ya kukimbia, mbuzi walibaki kijijini wakaliwa na wengine, lakini mama aliweka dende wawili katika kitunga, akawafunika kwa kitambaa, akaenda nao porini. Aliporudi alikuwa nao sita. Ninyi wenyewe mmeyaona hayo, si mimi wa kuwafundisha.

Tena ni chakula. Mmewaona hapa hospitalini watoto wenye miguu iliyovimba, nywele nyepesi zenye rangi nyekundu, na uso usiotaka kucheka. Ugonjwa huo ni kwashiorkori. Daktari mwanamke, Cicely Williams, aliueleza mwaka 1933 katika nchi ambayo leo inaitwa Ghana. Jina lenyewe ni la lugha ya watu wa huko, nalo husemwa juu ya mtoto anayeugua mdogo wake anapozaliwa, maana anaachishwa ziwa na kupewa chakula kisichotosha. Hapa Kabambare chakula hicho ni bukari ya muhogo asubuhi na bukari ya muhogo jioni. Mtoto huyo anahitaji maharagwe, karanga, samaki, yai, au nyama kidogo. Dende mmoja haishibishi nyumba nzima, lakini katika sahani ya mtoto ni kitu kikubwa.

Basi nyama si tatizo. Tatizo ni mahali anapolala.

Siku moja mama alifika kutoka upande wa mto Luama akimbeba mgongoni mtoto wa miaka mitano. Nilidhani ni homa kali, kwa maana mtoto mkubwa hivyo habebwi bure. Kumbe hakuweza kukanyaga chini. Vidole vya miguu vilijaa funza, na visigino pia, na kucha mbili zilikuwa zimekwisha kuanguka. Nilianza kuhesabu funza nikiwa ninamwosha, na nilipofika arobaini nikaacha kuhesabu. Mtoto hakulia. Alikuwa amezoea.

Baada ya siku chache nilikwenda kwao, maana dawa ya mguu bila kuona nyumba ni nusu ya dawa. Uwanja wa mbele ulikuwa umefagiwa vizuri sana. Baba ni mtu wa kanisa, anajua kupokea mgeni. Nikaomba kuingia jikoni. Chini ya kitanda cha miti nikaona dende kumi na mmoja. Chini yao palikuwa na majani ya juzi na ya wiki iliyopita, mavi, na vumbi jepesi kama unga wa muhogo. Pembeni, hatua moja tu, palikuwa na mkeka wa yule mtoto na ndugu zake. Nje ya nyumba palikuwa safi kuliko ndani.

Sikieni namna funza anavyoishi. Ni kiroboto mdogo kuliko viroboto vyote. Mayai yake huanguka chini, na watoto wake hukua katika vumbi kavu lenye kivuli. Hawapendi sakafu ngumu, wala sakafu yenye maji, wala jua kali. Baada ya wiki tatu hivi wanakuwa viroboto kamili. Kisha jike huingia katika ngozi ya mtu, au ya mbwa, au ya nguruwe, au ya panya, na kukaa humo akivimba na kutoa mayai mamia. Mayai hayo huanguka palepale mtu anapolala. Kwa hiyo mtoto hachukui funza njiani tu. Anawachukua juu ya mkeka wake, usiku, mlango ukiwa umefungwa.

Wazee wa zamani sana hawakumjua mdudu huyu. Alitoka Amerika ya Kusini. Mwaka 1872 meli moja kutoka Brazili ilifika Ambriz, pwani ya Angola, na mchanga uliokuwa ndani yake ulikuwa na funza. Kutoka hapo alifuata njia za misafara, mguu kwa mguu, na kabla ya mwaka 1900 alikuwa amekwisha kufika pwani ya Bahari ya Hindi. Dende naye alitoka Amerika ya Kusini, katika milima ya Peru na Bolivia, ambako watu wamemfuga tangu miaka elfu nyingi. Wageni wawili wa bara moja. Mmoja tulimkaribisha, na mwingine alijikaribisha mwenyewe. Tusiwape chumba kimoja pamoja na watoto wetu.

Tena kuna mambo mengine. Panya huja kula masalio ya dende, na nyoka humfuata panya na kuwafuata watoto wa dende. Mavi ya dende yana vijidudu vinavyoleta kuhara, na mtoto anayetambaa hutia kila kitu kinywani. Ngozi ya dende huweza kuwa na choa, na choa hupita kwa kichwa cha mtoto anayembeba. Na mkojo wao, usipoondolewa, hutoa hewa kali inayowasha macho na kifua. Ingia jikoni kwako alfajiri, kabla moto haujawashwa, uvute pumzi, nawe utajua ninachosema.

Sababu za watu kulala nao

Nimewauliza wengi kwa nini dende wako ndani. Jibu la kwanza ni wezi. Jibu la pili ni baridi ya usiku. La tatu, wazee husema dende hupenda moshi.

Habari ya moshi si kweli. Dende hukaa karibu na moto kwa ajili ya joto, si kwa ajili ya moshi. Mapafu yake ni madogo, na ugonjwa wa mapafu ni mmoja wa wale wanaomwua sana. Habari ya baridi ni kweli kidogo: upepo na unyevu humwua upesi. Lakini nyumba yenye upande mmoja uliozibwa na majani makavu ndani yake inatosha kwa usiku wetu. Jua kali la mchana ni hatari kubwa zaidi kwake kuliko usiku.

Habari ya wezi ni kweli kabisa, wala sitaidharau. Mtu aliyepoteza mali yake yote mara mbili hawezi kuambiwa kirahisi aweke kilichobaki nje. Kwa hiyo nasema hivi: jenga nyumba ya dende mahali unapopaona kutoka mlangoni, tia kufuli, na mfunge mbwa karibu ikiwa unaye. Kama kijijini kwenu wezi ni wengi kabisa, jenga chumba kidogo kinachoegemea ukuta wa nyumba upande wa nje, chenye mlango wake na kufuli yake, bila tundu lolote la kuingilia kwa watu. Si vizuri kama nyumba iliyo mbali, lakini ni vizuri kuliko chini ya kitanda.

Kujenga

Chagua mahali palipoinuka kidogo, ili maji ya mvua yasikae. Pawe na kivuli saa sita mchana, lakini matawi ya mti yasiguse paa, maana tawi ni njia ya nyoka na nguchiro. Pawe hatua kumi kutoka nyumba ya watu, na hatua thelathini kutoka kisima, upande wa chini wa kisima wala si upande wa juu.

Kata nguzo nne za mti mgumu. Choma motoni ncha zitakazoingia ardhini mpaka ziwe nyeusi, kwa ajili ya mchwa. Chimba mashimo ya nusu mita. Sakafu ya dende iwe juu ya ardhi karibu mita moja, yaani kwenye kiuno cha mtu mzima. Urefu huo una faida tatu: mbwa hafiki, unyevu haufiki, na wewe unayesafisha huumizi mgongo. Kazi inayoumiza mgongo huachwa baada ya mwezi mmoja.

Kipimo cha chumba ni mita moja na nusu kwa mita moja, na kuta zenye kimo cha sentimita 45. Hapo wanakaa majike saba na dume mmoja, pamoja na watoto wao mpaka waache ziwa. Ukiweza, gawa chumba kingine kidogo pembeni kwa madume vijana.

Sakafu ndiyo roho ya nyumba hii, kwa hiyo usifanye haraka. Pasua mianzi, lainisha kingo zake kwa kisu, uipange upande laini ukiwa juu. Kati ya fito na fito acha nafasi ya sentimita moja tu, upana wa kidole kidogo cha mtoto. Nafasi ikiwa kubwa mguu wa dende utaingia na kuvunjika. Ikiwa ndogo mavi hayataanguka. Usipigilie fito juu ya nguzo. Zifunge kwa kamba ziwe kama mlango mdogo, vipande viwili vinavyoweza kutolewa, na tengeneza kipande cha tatu cha akiba. Utaona faida yake siku ya kusafisha. Katika pembe moja weka ubao mzima wenye majani makavu, kwa ajili ya mama na watoto wachanga.

Upande unaoleta upepo wa mvua uzibe kabisa kwa mbao au mianzi iliyosukwa. Upande wa mbele uache wenye fito, hewa ipite. Mlango uwe mpana, mkono wako ufike pembe zote. Paa liwe la majani mazito, lipite kuta kwa shibiri mbili kila upande. Mtu mwenye bati asijisifu: bati bila majani juu yake ni chungu cha kuokea. Joto likipita digrii 30 dende huanza kuhema, na jike mwenye mimba hufa kwanza.

Chini ya sakafu, pigilia udongo wa mfinyanzi uwe mgumu, wenye mteremko, ili mavi yateremke upande mmoja kwenye shimo dogo.

Sasa habari ya siafu. Nyumba yangu ya kwanza niliijenga vizuri, kwa mawazo yangu. Nilipima kila kitu, nikaweka na kufuli. Lakini nguzo niliziacha hivi hivi. Usiku mmoja wa mvua siafu walipanda. Nilisikia dende wakilia, nikafikiri wanagombana, nikaendelea kulala. Asubuhi nilikuta tisa wamekufa, na macho yao yameliwa. Mithali sura ya 12 husema juu ya mtu mwenye haki na mnyama wake, nami nilikuwa nimefundisha neno hilo siku chache kabla. Mwili wa mnyama aliyefungwa uko mikononi mwa aliyemfunga. Yeye hawezi kukimbia.

Kwa hiyo kila nguzo ivae sketi ya bati. Chukua kopo kubwa la mafuta, ulifungue, ulizungushe nguzo kama kofia iliyofunika, upande mpana ukielekea chini. Panya na nyoka hawapiti hapo kirahisi. Chini ya sketi funga kitambaa kilicholowa mafuta machafu ya motokari. Siafu hawakivuki kikiwa kibichi. Wakati wa mvua ukilowe tena kila wiki, na usiache jani refu au fito yoyote iguse nyumba kutoka chini, maana siafu mmoja akipata daraja wote wamepata.

Hata Nuhu alipojenga safina aliamriwa kuweka vyumba ndani yake. Wanyama walikuwa na mahali pao. Miti na mianzi iko porini. Cha kununua ni misumari, kopo na kufuli. Watu wawili wanaweza kuimaliza katika wiki moja ya kiangazi. Mwezi wa sita mpaka wa nane ni wakati mzuri.

Kutunza safi

Kila asubuhi ondoa majani ya jana yaliyolowa. Osha kopo la maji, utie maji mapya. Chakula kipya kifunge mafungu, ukitundike ukutani, kisikanyagwe. Jioni hesabu wanyama, funga.

Siku ya posho ndiyo siku ya kazi kubwa. Watie dende wote katika kitunga chenye kifuniko, ukiweke kivulini. Toa vipande vya sakafu, uweke kile cha akiba. Vikwangue kwa kipande cha bati, uvisugue kwa maji, sabuni na majivu, kisha uvisimamishe juani. Jua ni dawa isiyouzwa. Kuta zifute, pembe zikwangue, majani ya ubao wa wachanga uyabadili. Mara moja kila mwezi mimina maji yaliyochemka katika nyufa zote, na ukipata chokaa, paka. Wakati dende wako kitungani watazame mmoja mmoja: miguu, masikio, manyoya, meno. Mwenye manyoya yaliyosimama na macho yaliyojaa tongo mtenge peke yake.

Mavi usiyatupe nyuma ya nyumba. Yatie shimoni, uyafunike kwa udongo, na baada ya miezi mitatu uyapeleke kwenye bustani ya mboga. Kuku wasikwangue hapo, na mtoto wa kutambaa asikae chini ya nyumba ya dende hata kidogo. Kazi hii ni ya mtu mzima au mtoto mkubwa, na ikiisha mikono ioshwe kwa sabuni, au kwa majivu kama sabuni haipo, kabla ya kugusa bukari.

Hapa kuna jambo ambalo wengi wanakosea. Yule baba niliyemtaja alisikia maneno yangu, akajenga nyumba nje, nzuri kuliko yangu. Baada ya mwezi nilirudi. Miguu ya watoto bado ilikuwa na funza. Alinitazama kama mtu aliyedanganywa. Tukaingia jikoni pamoja, na kumbe vumbi lilelile lilikuwa chini ya kitanda, na mkeka uleule juu yake. Dende walihama, lakini mayai ya funza hayakuhama. Tulitoa vumbi lote kwa jembe, kina cha vidole vinne, tukalizika mbali. Tukamwagia maji, tukakandika udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na majivu, tukaupiga mpaka ukawa mgumu. Mikeka ikakaa juani siku tatu. Mama alikandika tena kila wiki kwa miezi miwili. Basi, siku ile unayohamisha dende, hamisha na vumbi. Mwenye sementi aweke sementi. Lakini udongo uliokandikwa kila wiki unatosha.

Na funza walio katika mguu? Osha kwa sabuni. Hapa hospitalini tukiwa na mafuta ya dimetikoni tunapaka, nao hufa bila kuchimbwa. Yakikosekana, funza hutolewa kwa sindano iliyochemshwa, sindano ya mtu mmoja, isipite kwa mwingine. Kisha jeraha lioshwe. Jeraha chafu la funza ni mlango wa pepopunda, na pepopunda huua. Mleteni mtoto apate chanjo.

Chakula, na magonjwa

Mpe dende matete mabichi, majani ya viazi vitamu, maganda ya mahindi, majani ya karanga. Majani ya muhogo mabichi yana sumu, kwa hiyo usimpe. Ninyi wenyewe hamli sombe bila kuitwanga na kuichemsha. Majani ya avoka na ya nyanya usimpe vilevile. Majani yaliyolowa umande yaache yanyauke kwanza.

Lakini asikose majani mabichi kabisa, hata wakati wa kiangazi. Mwili wa dende, kama mwili wa mtu, hauwezi kujitengenezea vitamini C. Mwaka 1907 waganga wawili wa Norwe, Axel Holst na Theodor Frølich, waliwalisha dende nafaka peke yake, nao wakapata ugonjwa wa fizi na viungo uliokuwa ukiwaua mabaharia. Hivyo watu walianza kujifunza kwamba ugonjwa ule hutokana na chakula kilichopungukiwa. Ukiona dende anavimba viungo na kuburuta miguu, usitafute mchawi. Tafuta majani mabichi.

Jike hubeba mimba siku 68 hivi, na huzaa wawili au watatu, wenye manyoya na macho yaliyofunguka. Baada ya wiki tatu waondoe madume vijana, la sivyo watapanda mama zao na dada zao, na uzao utakuwa dhaifu. Kila mwaka badilishana dume na ndugu wa kijiji kingine. Lakini mgeni akae peke yake siku kumi na nne kabla ya kuingia kwa wenzake.

Usimpe dende vidonge vilivyobaki nyumbani. Penisilini na ampisilini, zinazomponya mtoto wako, humwua dende, maana huua vijidudu vyema vya tumboni mwake vinavyomsaidia kusaga majani. Dende aliyekufa mwenyewe asiliwe. Azikwe kwa kina, mbwa asimfukue.

Jambo moja nasema kwa nguvu. Usitie mnyama wa porini katika nyumba ya dende: panya-buku, kindi, wala mwingine aliyenaswa na watoto. Mnajua ugonjwa wa mpox, ambao zamani uliitwa ndui ya nyani. Mtu wa kwanza kuonekana nao alikuwa mtoto wa miezi tisa, mwaka 1970, katika eneo la Basankusu, nchini mwetu. Mwaka 2003 wanyama wa porini kutoka Ghana, kati yao panya-buku na kindi, walipelekwa Marekani wauzwe kama wanyama wa kufuga. Waliwekwa karibu na wanyama wengine wadogo wa nchi ile. Hao wakaambukizwa, wakauzwa kwa watu, na watu zaidi ya arobaini wakaugua. Walifugwa mahali pamoja tu, ikatosha. Mtu akiwa na homa na vipele vyenye usaha asiguse wanyama, aje hospitalini.

Ndugu wengine wameniuliza kama Mkristo anaruhusiwa kula dende, maana Walawi sura ya 11 inawakataza Waisraeli sungura na wibari. Dende hatajwi hapo, kwa kuwa hakuna Mwisraeli aliyemjua. Tena someni Marko sura ya 7 na Matendo sura ya 10, habari ya Petro juu ya dari huko Yafa. Kula kwa shukrani, ukiwa umempika akaiva mpaka mfupani. Lakini jirani yako Mwislamu akikataa kula kwako, usimcheke wala usimfiche kilichomo chunguni.

Mwenye kutaka kuona nyumba ya mfano aje nyuma ya jengo la wazazi. Tunaisafisha kila siku ya posho, saa mbili asubuhi. Njoo na kamba ya kupimia, na ukiwa na dume mzuri wa kubadilishana, mlete katika kitunga chake mwenyewe.